Kunde Mia Moja Tumboni

Jumatatu, 5 Mei
Gunia la kunde bado limekaa palipopaswa kuwa kitanda cha mwanangu Talha. Kwa hiyo tunalala watatu, mie, mume wangu Mfaume na mtoto, na mtoto ananipiga mateke ya mbavu hadi alfajiri. Leo neema! Bi Dolat, mwenye shamba Kimbiji, atalichukua gunia zima kwa mbegu. Sharti lake: nichote kunde mia bila kuchagua, nizifunge kwenye kitambaa kibichi siku tano. Zikiota themanini, biashara.
Nimechagua. Moja moja, zile nzuri za sura.

Jumanne, 6 Mei
Mbegu zinataka joto. Mvua hii imepoza kila kitu Tandika, isipokuwa mie. Kitambaa nimekitia kwenye nailoni, nikazungushia taulo, nikajifunga tumboni chini ya dera. Talha mgongoni, kunde mbele.

Jumatano, 7 Mei
Bombani jirani yangu Mauwa kanitazama tumbo. Kauliza miezi mingapi. Ningetaja kunde, kesho angekuwa kwa Bi Dolat na gunia lake mwenyewe. Nikasema tunamshukuru Mungu. Si uongo, huwa namshukuru.

Alhamisi, 8 Mei
Kabla ya saa nne habari ilishafika Mwananyamala kwa mama mkwe. Kaja na malimao, udongo wa kula na godoro lake. Kaninyang'anya beseni la nguo, kaniamuru nilale. Nimelala mpaka alasiri! Mfaume aliporudi nilimnong'oneza ukweli. Akaomba tusubiri kidogo kusema, kazini wameshampongeza.

Jumamosi, 10 Mei
Siku ya tano. Nikafungua taulo mezani. Mama mkwe akaingia, akakuta ujauzito umetandazwa nauhesabu. Nilieleza yote, shikamoo ikanitoka mara mbili. Hakufoka. Akavuta kigoda, akanisaidia kuhesabu.
Zimeota kumi na tisa. Na hizo ndizo zenye sura!
Bi Dolat kafika mchana. Kauliza gunia lina muda gani. Miaka mitatu, nikasema. Akafunika kitambaa taratibu.
"Hizi si mbegu, Mama Talha. Hizi ni mboga."
Akaenda zake. Nikalia, si kwa sababu ya kunde, ni mbavu. Mama mkwe akamchukua Talha kwenye godoro lake.
"Ungesema tu umechoka, mwanangu."

Jumapili, 11 Mei
Nimelala usiku mzima. Mateke yote kapigwa bibi yake, na asubuhi kanga ameifunga mbavuni kama bandeji. Nimempikia kunde.
Akili imetulia, kosa nimeliona. Kunde ni kubwa mno, tumbo linaonekana. Choroko za mbegu je? Mia moja hazijazi hata kiganja, Mauwa hawezi kugundua kitu. Nimeshampigia simu mwenye choroko. Anazo gunia moja, za zamani kidogo, ndiyo maana anaziuza rahisi.
Zinakuja Jumanne. Nitaziweka juu ya gunia la kunde.