Chupa Iliyoshinda kwa Kura Saba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa kuwa hakuweza kufika ni mimi mwenyewe. Waheshimiwa wakurugenzi, makaimu wakurugenzi na wanaowakaimu makaimu. Wajumbe wa Kamati Ndogo ya Kuchagua Chupa na wa Kamati Kubwa ya Kuisimamia Kamati Ndogo. Madaktari, wauguzi, nanyi wagonjwa wa wodi ya majeraha ya moto mlioweza kutembea hadi hapa. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Leo tunazindua maabara ya kukuza seli za ngozi. Kwa lugha nyepesi, daktari anachukua kipande cha ngozi ya mgonjwa isiyoungua, kidogo kama ukucha, kinakuzwa ndani ya chupa mpaka kinatanuka kama leso, halafu kinarudishwa pale palipoungua. Na kwa kuwa kila kitu kinaanzia kwenye chupa, mimi kama Mwenyekiti niliamua, ndani ya framweki ya kimkakati ya miaka mitatu, tuanze na chupa. Tumekaa vikao sitini na vinne. Tumefanya wokshopu kumi na moja, zote hotelini, kwenye utulivu. Asilimia tisini na nane nukta tatu ya wajumbe walihudhuria chakula cha mchana. (Vicheko nyuma. Mwenyekiti anapunga mkono.)

Sifichi, mwanzoni tulipata changamoto. Tuliagiza flaski, zikaja flaski za chai, nzuri, zenye maua. Tulizifanyia majaribio miezi minane na chai ilibaki moto. Tukaboresha prosesi, na hatimaye chupa hii mnayoiona mkononi mwangu, ndefu, ya kioo, kifuniko cha bluu, ikashinda kwa kura saba dhidi ya sita, kwa vigezo vya kusimama vizuri mezani na kutopitisha chochote hata ukiipindua.

(Mtaalamu wa maabara, dada aliyevaa koti jeupe lisilo na doa hata moja, anasimama: "Samahani, Mwenyekiti. Seli za ngozi zinataka chupa ya kulala ubavu, yenye sakafu iliyoandaliwa ili zishike, na kifuniko kinachopitisha hewa. Humo zitakufa. Niliandika barua nne.")

Barua zako tulizipokea, mwanangu, na tumezifungulia faili zuri sana. Lakini chupa inayolala inafundisha uvivu, na kifuniko kinachopitisha hewa mimi nakiita kibovu. Kaa. (Hakai.)

(Fundi wa kuchomelea, mikono yote imefungwa bandeji hadi kwenye viwiko, anasema akiwa kitini: "Mzee, mimi mambo ya chupa siyajui. Huu mwezi wa nne mke wangu ananilisha kama mtoto. Niliambiwa leo nitachukuliwa kipande cha ngozi. Niende dirisha gani?")

Swali zuri sana! Mpigieni makofi. (Hakuna anayepiga.) Kaka, wewe ndiye indiketa yetu namba moja, na jina lako limo kwenye ripoti, ukurasa wa tisini. Sasa wote kwa pamoja: Chupa bora! (Wajumbe wawili: "Ngozi bora!") Kamati! ("Juu!") Juu zaidi! ("Zaidi!")

Kwa kumalizia, nawashukuru waliosimamisha nguzo hizi mbili asubuhi ili utepe upate pa kufungiwa. Namshukuru jirani aliyetuazima kiwanja hiki kwa saa tatu. Nakushukuru wewe dada mtaalamu kwa kuendelea kugonga mihuri masjala. Jengo likipatikana, utakuwa wa kwanza kuhamia. Na wageni wanaotaka kuzunguka nyuma ya utepe, nawasihi msijisumbue, huko ni majani tu.

Ndugu fundi, njoo ukate utepe. Huwezi kushika mkasi? Basi simama hapa ubavuni kwangu, tupigwe picha. Ahsanteni.