Ombi la Kupunguza Haki ya Kuishtaki Serikali, Angalau Siku za Kazi

Manispaa ya Aguaclara del Monte,
Colombia.
Jumatatu.

Mheshimiwa Hakimu Otálora,

Pokea salamu zangu kutoka ng'ambo ya uwanja. Ni mimi Evaristo Quintana, katibu wa manispaa kwa miaka kumi na tisa, yule unayemwona kila asubuhi akinunua maandazi ya jibini kwenye meza ya Doña Ismenia, yule mama mkaangaji wa uwanjani. Nakuandikia kwa heshima kulalamikia tutela, hiyo karatasi moja ambayo katiba imempa kila raia aishtaki serikali akivunjiwa haki, bila wakili, nawe ukalazimika kuamua ndani ya siku kumi. Madhara yake ni haya.

1. Inavuruga mipango. Watu wa mtaa wa juu walisubiri bomba la maji miaka kumi na mmoja kwa utulivu wa kupigiwa mfano. Tulikuwa tumekwisha kuandaa mkutano wa kupanga tarehe ya mkutano. Don Abelardo, kinyozi, akashtaki, ukatoa amri, bomba likafika siku ya tisa. Sasa watu wanauliza ile miaka mingine ilikuwa ya nini. Maswali ya namna hiyo hayajengi nchi.

2. Inadharau foleni. Ofisi yangu ina droo moja, na kila ombi lina namba yake. Mwananchi akija namwambia, "Faili lako linashughulikiwa, lete nakala, rudi Jumatatu." Hakuna aliyewahi kunyimwa maneno hayo. Siku hizi wananijibu, "Haya Katibu, tutaonana kwa hakimu," wanashuka ngazi wakicheka, moja kwa moja hadi mezani kwa Doña Ismenia.

3. Huyo Doña Ismenia mwenyewe. Mkono mmoja unakaanga, mwingine unapiga taipureta. Ukinunua maandazi manne, unaandikiwa tutela bure. Nilipomwonya kwamba anaiandama serikali, alinijibu mbele za watu, "Serikali haina neno, Katibu. Neno liko kwenye droo yako." Nami wakati huo mdomo wangu ulikuwa umejaa maandazi yake.

4. Mwezi Mei nilichelewa kutii amri yako kuhusu taa za soko, ukaniweka kituo cha polisi siku tatu. Silalamikii chakula. Ila wale waliokuja kunitazama na kuniletea supu waliniuliza mmoja mmoja kama nimeleta nakala.

5. Hili ndilo linaloniuma. Mama yangu, Doña Custodia, ana miaka sabini na minane na mtoto wa jicho macho yote mawili. Daktari wa upasuaji anafika mkoani Jumanne ijayo, kisha hatarudi hadi mwaka kesho, na mama hawezi kuandikishwa bila cheti cha ukaazi chenye mhuri wangu. Ombi lake ni namba 212. Baada ya miezi kumi na minne nimefika 97. Sikumpendelea, na najivunia hilo. Wiki iliyopita alinimiminia kahawa, yote ikaenda mezani badala ya kikombeni, nikachukua kitambaa nikapangusa. Akaniambia, "Mwanangu, mimi nilikuzaa bila kukudai nakala." Kesho yake akanishtaki. Mama mzazi, Mheshimiwa, kwa maandazi manne.

Kwa hiyo naomba uamuru kwamba anayetaka kuishtaki ofisi apate kwanza kibali cha ofisi hiyo hiyo, chenye mhuri, nakala tatu, siku ya Jumatatu. Ikishindikana, nitambue mimi kuwa raia niliyevunjiwa haki ya kupumzika. Yaani hii ni tutela dhidi ya tutela, na una siku kumi.

Nisalimie karani wako, mlinzi wa mlangoni, na yule paka wa masjala.

Wako katika utumishi usio na haraka,
Evaristo Quintana Rojas

Baada ya sahihi, Alhamisi: Mheshimiwa, barua hii imekaa mfukoni siku tatu. Jana, kwa kuogopa amri yako, nilikigonga mhuri cheti cha mama, nikakipeleka mwenyewe ofisi ya afya ya mkoa. Nilikaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi. Saa tisa karani mmoja, mpole kabisa, akaniambia, "Faili lako linashughulikiwa, lete nakala, rudi Jumatatu." Orodha ya daktari inafungwa kesho. Nikamwambia mimi ni katibu wa manispaa. Akasema hilo nalo nilete nakala yake. Nilirudi nyumbani na aibu ambayo sikuwahi kuijua.

Nyuma ya karatasi hii Doña Ismenia ameandika tutela ya mama dhidi ya ofisi hiyo. Nilipanga foleni mezani kwake, nikawa wa saba, na hakunipendelea. Doa la mafuta ni langu. Tafadhali anza na upande huo, leo hii, maana siku kumi ni nyingi mno. Upande huu uweke kwenye droo.