Utepe, Kufuli na Maharage ya Mama Mkwe

Wadau, leo nimepatikana. Tena mchana kweupe, nimevaa na tai.

Wengi mnajua nafanya kazi kwenye mradi wa kusaidia watu wanaotoka gerezani wakakuta hawana pa kulala. (Ndiyo, kazi nzuri. Ndiyo, najisifia nayo hadi misibani.) Tunawatetea wenye makosa madogo wapewe kazi za kutumikia jamii badala ya kufungwa, na waliokwisha kufungwa wakapoteza kila kitu tunawajengea nyumba. Nyumba yetu ya kwanza hapa Kibondo ni ya Bukuru. Huyu bwana alifungwa kwa kufungua kufuli la duka la watu. Alipotoka akakuta kaka zake wameshauza kiwanja chake, akahamia kwenye baraza ya mashine ya kukoboa.

Nyumba iliisha miezi minne iliyopita. Vyumba viwili, bati jipya, mlango wa mninga. Ila Bukuru hakukabidhiwa, maana wafadhili walitaka kukata utepe wenyewe. Utakataje utepe kwenye nyumba ambayo mtu keshaanza kukaangia dagaa? Basi akaendelea kulala barazani, ng'ambo ya barabara, akiamka anaitazama nyumba yake. Ufunguo nikakaa nao mimi.

Sasa nyumba tupu, kavu, haina hata panya. Na mama mkwe wangu wa Busunzu ana maharage, anatafuta pa kuyaweka hadi bei ipande. Magunia kumi na mawili. (Msinihukumu. Nyie mnamjua mama mkwe wangu?)

Leo ndiyo siku ya makabidhiano. Wageni walilala Kasulu, ratiba inasema watafika kwetu saa tisa alasiri. Nikapanga kirikuu ije saa nne ibebe maharage, nifagie, mambo yaishe. Saa tatu simu inaita. Dereva wao.

"Afisa, tumeshapita njia panda ya Nduta. Mama mfadhili kaamua tuanze na Kibondo."

Mungu wangu! Nikampigia wa kirikuu. "Bosi, niko Kakonko, springi imekatika." Springi! Leo!

Nilipofika, watu wamejaa. Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Gwimo, yupo mbele. Bukuru kavaa shati jeupe la kuazima, kifungo cha juu kinamkaba. Na Mama mwenyewe, mkuu wa wafadhili, Mzungu anayejua Kiswahili kuliko mimi.

Nikaona dawa ni kuhutubia mpaka njaa iwaondoe. Nikahutubia haki. Nikahutubia utu. Nikasema kwa uchungu, "Mtu akitoka gerezani, tusimwangalie mikono yake!" Umati wote ukageuka kuangalia mikono ya Bukuru. Maskini akaificha nyuma.

Utepe ukakatwa. Vigelegele.

"Haya, afisa, tufungulie," Mama akasema.

Nikajipapasa mifuko yote. "Aa... Mama, ufunguo nimeusahau ofisini Kasulu." (Ulikuwa mfuko wa kulia, unanichoma paja.)

Mama akasikitika kweli. Akasema basi, wao kesho wanaondoka, makabidhiano yatasubiri safari yao ijayo, mwakani. Nilimwona Bukuru anageuka kutazama ng'ambo ya barabara. Mwaka mwingine barazani. Na mimi, nisiwadanganye, nilishusha pumzi. Naona aibu kuliandika hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Ndipo Mzee Gwimo akakohoa. "Yewe, kwani Bukuru si huyu hapa?"

Umati ukaangua kicheko.

"Hapana, mzee," Bukuru akasema. "Mimi na makufuli tumeachana. Nisije nikarudishwa ndani." Akanigeukia. "Labda afisa mwenyewe aseme mbele ya watu kwamba ananiruhusu."

"Mruhusu," Mama akasema. "Si nyumba yake?"

"Na... nakuruhusu."

"Sauti, afisa. Walioko nyuma hawajasikia."

"NAKURUHUSU!"

Mtu akatoa spoku ya baiskeli. Wadau, hata sijamaliza kufuta jasho, kufuli liko chini. Makofi yalizidi yale ya utepe!

Mlango ukafunguka. Magunia mpaka kwenye kenchi.

"Afisa," Mama akauliza taratibu, "haya ni nini?"

Naiona kazi inaondoka, ada za watoto zinaondoka, mradi mzima unaondoka na jina langu. Bukuru akanitazama. Akayatazama magunia. Akanitazama tena, hana haraka.

"Mama," akasema, "hiki ni chakula. Afisa aliona nitaingia nyumba tupu, akaniwekea akiba kwa siri. Hapendi kusifiwa, ndiyo maana anajidai kausahau ufunguo. Si ndiyo, afisa?"

Mzee Gwimo, aliyenisaidia kuyashusha magunia hayo hayo kwa mikono yake, akawa anaangalia mawingu.

"Ndiyo," nikasema. Sauti kama ya mgonjwa.

Mama alinikumbatia! Akasema ataagiza miradi yao yote iige moyo wangu. Tukapigwa picha, mimi na Bukuru, tumeshika gunia huku na huku, natabasamu meno yote thelathini na mawili.

Picha ikafika kwenye magrupu kabla sijafika kwenye pikipiki yangu. Simu ikaita.

"Baba Rehema, hilo gunia la mama unampa nani?"

"Mke wangu, nisikilize..."

"Mama kashaiona. Yuko hapa, kavua kilemba. Usikanyage hapa bila maharage yake. Yote."

Nimezunguka mjini tangu hapo. Saa kumi na mbili nilikuwa nimeketi stendi, tai mfukoni, najifanya nasubiri mtu. Bukuru akapita na sufuria mpya. Akasimama. Hakucheka, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Pole, afisa. Nimesikia nyumbani kumechafuka. Twende kwangu. Chumba cha pili kiko wazi, na chakula unakijua mwenyewe."

Nimekula sahani mbili. Yameiva vizuri sana. Atakayecheka kwenye komenti namblock.