Hakuna Tangi Kuzeeka bila Kibali

Halmashauri ya Glenavarra, upande wa Donegal, ilitangaza kwa fahari kubwa kwamba kuanzia tarehe mosi Mei, hakuna tangi la mafuta ya kupashia nyumba joto litakaloruhusiwa kuzeeka bila kibali.

Tangazo lilihitajika sana. Kwa miaka mingi wananchi walikuwa wakibadilisha matangi yao kiholela, wengine kwa sababu ndogo tu kwamba yanavuja. Kikaundwa Kitengo cha Ukomo wa Matangi, kikapewa vyumba vitatu, mhuri mmoja na kamati ya watu tisa, ambayo ilikaa mara nne kuchagua rangi ya wino.

Mkaguzi wa kwanza, na wa pekee, alikuwa Colman Gildea, mtu wa makamo asiyewahi kuvuka barabara pasipochorwa mistari. Aliiamini kazi yake. Wiki ya pili akatumwa kwa Bi Attracta Boyce, mjane wa miaka sabini na minane, aliyekuwa ameandika barua tatu akiomba ruhusa ya kubadilisha tangi lake.

Tangi lilikuwa nyuma ya nyumba, la chuma, limekaa juu ya miguu minne ambayo mmoja ulikuwa umeanza kuzama ardhini. Nyasi chini yake zilikuwa zimekauka na kuwa rangi ya chai.

"Lina miaka mingapi, mama?" Colman aliuliza, kalamu mkononi.

"Marehemu Manus alilileta mwaka tuliompata Bríd. Bríd sasa ana miaka thelathini na minne na mume wa pili."

Colman akaandika: umri, wa wastani.

"Hebu pitisha kidole hapo chini ya mshono," alisema Bi Attracta.

Akapitisha. Kidole kilitoka kinang'aa, kinanuka mafuta ya taa.

"Umande," alisema.

"Umande gani unawaka ukiupiga kiberiti, mwanangu? Tazama hiyo rangi ilivyofanya malengelenge. Ukibonyeza unakuta kutu, na hiyo ni ya nje tu. Ndani maji yametuama chini miaka yote hii, yanakula chuma kuanzia tumboni. Boila nimeizima tangu Pasaka, na kipimo bado kinashuka. Hayo mafuta anayatumia nani, malaika?"

Kisha akamwonyesha kisima chake, hatua kumi kutoka hapo, mteremkoni. Maji yake aliyanywa yeye na kuku wake.

Colman alikitazama kisima, kisha tangi. Alikuwa na macho kama watu wengine. Lakini fomu yake, sehemu ya tatu, ilikubali majibu mawili tu: "tangi changa" na "tangi linalosubiri kikao". Kuvuja kulitajwa kwenye kiambatisho, kwa jina la "utoaji mafuta wa hiari". Akatia alama kwenye jibu la pili.

"Mpaka kamati ikae, lisihamishwe, lisikamuliwe wala kuoshwa," alisema.

"Inakaa lini?"

"Septemba, Mungu akipenda. Mwenyekiti ni Mkurugenzi wa Halmashauri mwenyewe, na makamu wake hajateuliwa."

"Septemba nitakuwa nikikohoa mafuta, kama nyumba haijashika moto."

"Andika barua, mama."

"Nimeshaandika tatu."

"Ya nne ndiyo huwa inasomwa."

Bi Attracta hakuandika ya nne. Asubuhi iliyofuata alipiga simu kwenye redio ya mji, akaongea dakika kumi na moja bila kumeza mate. Alisema maradhi ukiyaficha kifo kitakuumbua, na kwamba yeyote anayeliona tangi lake ni zima anakaribishwa nyumbani kwake, anywe glasi ya maji ya kisima.

Mkurugenzi Ultan Heraghty hakuwa mtu wa kutishwa na glasi ya maji. Alhamisi alifika mwenyewe, suti nzito ya sufu ya kijivu, mpiga picha wa gazeti mbele, Colman nyuma ameshika mwavuli. Alikuja na waraka mpya wa kufafanua ule wa zamani. Bi Attracta alikuwa amesogeza beseni kuukuu la kuogea chini ya tangi, asimwamini mtu.

Mkurugenzi alisimama kati ya tangi na kamera, akasoma kwa sauti ya mimbari: "Kwa madhumuni ya waraka huu, tangi ni chombo chochote kilichosimama ndani ya ua, chenye mafuta, na kinachovuja au kudhaniwa kuvuja." Akakunja karatasi. "Nimeuandika mwenyewe. Hauna mwanya hata wa kupitisha sindano."

"Maneno mazito," alisema Bi Attracta. "Ila usiliegemee hilo, baba."

"Bi mkubwa, hiki ni chuma cha zamani. Kitatuzika sote."

Akaliegemea, ili picha itoke vizuri.

Ule mguu uliozama ukakubali kuzama wote. Tangi likainama kwa heshima, mshono ukaachia kutoka ncha hadi ncha, kama mtu aliyebana kicheko kanisani tangu zaburi ya kwanza. Ndani yalikuwa yamebaki mafuta lita arobaini hivi. Suti ilikunywa ilichoweza, beseni likapokea mengine. Kisimani halikufika hata tone.

Bi Attracta ndiye aliyezinduka kwanza. "Ingia ndani uvue hizo nguo, zitakuchubua ngozi. Maji ya moto yapo."

Mkurugenzi akainua mguu. Colman akainua mkono.

"Mheshimiwa, tafadhali usisogee."

"Unasemaje?"

Colman alikuwa ameufungua waraka. Uso ulimpauka lakini sauti ilikuwa thabiti. "Umesimama ndani ya ua. Una mafuta." Akatazama pindo za suruali. "Unavuja." Akamwandika kwenye daftari la matangi.

"Colman, usinichezee."

"Lisihamishwe, lisikamuliwe wala kuoshwa mpaka kamati ikae. Kifungu cha nne."

"Kamati ni mimi."

"Kamati hukaa ukumbini, mheshimiwa. Na kifungu cha sita kinasema tangi lisiingizwe ukumbini."

Kama alikuwa akidhihaki, hata yeye mwenyewe hakujua. Alichojua ni kwamba kwa mara ya kwanza sheria ilikuwa ikifanya kazi mbele ya macho yake. Mpiga picha alipiga picha mpaka akachoka, akakaa juu ya ndoo, akaletewa chai na mkate wa magadi. Bi Attracta akauliza kama na yule mwingine anaweza kupewa kikombe.

Colman alipekua kurasa. "Kujaza hakujakatazwa," alisema.

Dakika arobaini zilipita. Mvua ikaanza. Mkurugenzi akaomba kalamu, akaandika mgongoni mwa waraka: *Tangi likivuja, libadilishwe siku hiyo hiyo bila kusubiri kikao.* Colman aliusoma mara mbili akitafuta kiambatisho. Hakikuwepo. Akagonga mhuri.

Mkurugenzi aliondoka akiwa ameoga, ndani ya suruali ya Jumapili ya marehemu Manus, iliyomfika chini kidogo ya magoti. Kabla ya jua kuzama, fundi alikuwa ameshasimika tangi jipya la kuta mbili juu ya sakafu ya zege, upande wa pili wa nyumba, mbali na kisima.

Jumatatu madiwani waliletewa gazeti na waraka. Kwa kuwa ulikuwa mfupi, waliusoma hadi mwisho, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Wakatazama picha ya ukurasa wa mbele. Wakausoma waraka tena. Mmoja aliuliza kama kuna aliyewahi kumfuta Mkurugenzi kwenye daftari la matangi. Hakuna aliyekuwa amemfuta. Wakapiga kura, na siku hiyo hiyo akabadilishwa.

Colman ndiye aliyejaza fomu ya kufunga jalada la Mkurugenzi. Palipoulizwa chombo kimetumika miaka mingapi, aliandika ishirini na miwili. Palipoulizwa kimeacha mashapo kiasi gani, aliomba karatasi za nyongeza.