Jaji Aliyeuza Kombe Mara Mbili

Kagwe hakuwa mwizi. Mwizi, kwa maelezo yake mwenyewe, ni mtu anayechukua kitu bila mwenyewe kujua. Yeye watu walimpa vitu vyao kwa mikono miwili, tena wakimshukuru. Kule Githurai 45 alikopanga, kuna watu walimlipa awafundishie kuku kutaga mara mbili kwa siku, na mpaka leo wanawalaumu kuku.

Jumanne moja alikuwa Landless, mjini Thika, akila mahindi ya kuchoma, macho yakipekua ukuta wa kanisa. Hapo palikuwa na bango. Jumamosi, saa nane mchana, kutakuwa na shindano la vipaji. Kiingilio ni pakiti ya unga au maharagwe, na vyote vitapelekwa kwenye stoo ya chakula inayosaidia watu wa mtaa wa mabanda wa Kiandutu. Mshindi atapewa kombe. Chini kabisa mtu alikuwa ameongeza kwa kalamu: *Tunatafuta jaji.*

Mtu mwingine angeona unga. Kagwe aliona jaji. Penye jaji pana hukumu, na penye hukumu hapakosi mtu anayetaka kuinunua.

Dakika kumi baadaye alikuwa ndani ya ukumbi wa kanisa, shati amelichomekea, mbele ya Mama Nakhumicha. Mama huyu alitoka Bungoma akiwa msichana, akaajiriwa katika kiwanda cha nguo. Kiwanda kilipofungwa, aliondoka na kitu kimoja tu: sauti iliyozoea kushindana na mashine. Sasa ndiye aliyesimamia stoo.

"Habari ya leo, Mama. Mimi ni Jaji Kagwe. Kazi yangu ni kutafuta vipaji. Nairobi yote wananijua."

"Nairobi yote?"

"Isipokuwa Karen. Matajiri wa kule hawaimbi."

Mama Nakhumicha alicheka. "Na utatutoza nini, mwanangu?"

"Mama!" Kagwe alijishika kifua. "Nitoze njaa?"

Kwa maneno hayo matamu akapewa ujaji, chai na andazi. Kisha mama akampeleka Kiandutu kumwonyesha stoo. Kwenye rafu palikuwa na pakiti tatu za chumvi na debe la maharagwe lililokung'utwa hadi chini.

"Viwanda vimepunguza vibarua," mama alisema. "Ijumaa iliyopita walikuja watu sitini. Arobaini niliwaambia poleni." Alisema hivyo bila kulia, akifunga mlango kwa ufunguo, ingawa hapakuwa na cha kuibwa.

Kagwe alihisi kitu kikimchoma, kama kokoto ndani ya kiatu. Akakung'uta mguu, akaenda zake kutafuta wateja.

Wa kwanza alikuwa Githinji, mwenye duka la jumla la unga pale sokoni. Githinji alipenda kuimba kiasi kwamba kwaya ilimfanya mweka hazina ili asipate nafasi ya kuimba.

"Mzee, nimesikia una sauti," Kagwe alianza.

"Nani amekwambia?" aliuliza Githinji, kwa furaha ya mtu aliyengoja miaka ishirini aambiwe hivyo.

"Watu. Lakini nakuonea huruma. Msanii wa kweli huonewa wivu. Ukipata jaji mbaya, utashindwa na mtu wa sarakasi."

"Na jaji ni nani?"

Kagwe aliinamisha kichwa kama bwana harusi.

Wakaelewana haraka, ila kulikuwa na tatizo moja. "Pesa siwezi," alinong'ona Githinji. "Mke wangu anasoma M-Pesa yangu kuliko anavyosoma Zaburi. Lakini unga ni wangu. Marobota thelathini?"

"Mzee, kombe ni lako."

Siku iliyofuata Kagwe alikuwa Ruiru, kwa Viola, mwanamke aliyeuza mafuta ya kupikia kwa jumla. Viola alijua kucheza densi, au alidhani anajua. Kilichomsumbua kilikuwa kingine.

"Jirani yangu alishinda kombe la kuoka keki," alisema. "Kila nikienda kwake ananikalisha mkabala nalo. Chai inanishinda kumeza. Na mimi nataka kumkalisha mtu!"

"Jumamosi utamkalisha, madam. Mitungi arobaini ya mafuta tu."

"Na ukinidanganya?"

"Nitakudanganyaje, na mimi ndiye jaji?"

Viola aliligeuza jibu hilo huku na huku, hakuona lilipotoboka.

Wote wawili waliambiwa neno lilelile: leteni mzigo Jumamosi asubuhi nyuma ya ukumbi, mtu akiuliza semeni ni mchango. Kagwe akampata Okello, dereva wa pikapu, mtu mtaratibu wa maneno machache, akamwagiza apakie saa kumi kamili na kuelekea Githurai 45, ambako mnunuzi alikuwa tayari. Matokeo yangetangazwa saa kumi na nusu. Wakati huo jaji angekuwa ameshaipita Juja, naye Githinji na Viola wangebaki kugawana kombe moja kwa kadiri watakavyoelewana.

Jumamosi ukumbi ulijaa hadi madirishani. Githinji alipanda jukwaani na suti nyeupe, akaimba kwa nguvu za mtu anayefukuza ng'ombe wa jirani shambani kwake. Kwenye ubeti wa kwanza mtoto mmoja alilia. Kwenye ubeti wa pili mama yake alimtoa nje, na akina mama wengine wakamtazama kwa wivu. Kagwe aliandika kumi juu ya kumi.

Viola alikuja na gauni la kumetameta. Alijizungusha mara tatu, na kiatu kimoja kikachomoka kikatua mapajani mwa mchungaji. Viola aliendelea na kile kilichobaki. Kagwe, ambaye si mchoyo, alimpa kumi na moja.

Wa mwisho alikuwa mtu mwembamba wa Kiandutu aliyeitwa Absalom, sweta yake imeliwa kwenye viwiko.

"Mimi siimbi," alisema. "Nilifanya kazi kiwandani miaka ishirini na sita. Nitawaletea asubuhi moja tu."

Akaviringa viganja mbele ya mdomo, na king'ora cha kiwanda kikalia ndani ya ukumbi. Mwanamke mmoja nyuma alisimama wima kama aliyechelewa kazini. Watu wakacheka. Kisha lango likafunguka kwa kukwaruza, viatu vikapita kwenye changarawe, mashine ya kwanza ikaamka, ya pili, ya mia. Msimamizi alifoka kwa kupitia puani. Vijiko viligonga vikombe saa ya chai. Yote yalitoka kwenye mdomo wa mtu mmoja. Wazee walikuwa wakigusana: huyo ndiye, sikia, huyo ndiye! Halafu Absalom akaanza kuzizima mashine, moja baada ya nyingine, mpaka ikabaki moja. Akaiacha ihangaike kidogo. Akaizima nayo.

Kagwe alikuwa ameinuka nusu kuondoka, maana saa yake ilisema saa kumi. Akajikuta ameketi tena. King'ora kile alikijua. Utotoni, kila kilipolia, mkono wa mama yake ulimgusa paji la uso gizani, kisha mlango ukafungwa, mama akaenda kiwandani. Ukumbi ulilipuka kwa vifijo, na ndipo alipokumbuka kwamba yeye ni mtu wa kazi. Akachepuka kwa mlango wa nyuma.

Nyuma ya ukumbi hapakuwa na unga. Hapakuwa na mafuta. Hapakuwa na pikapu.

Akapiga simu. "Okello! Uko wapi?"

"Kiandutu, bosi. Nashusha."

"Unashusha nini Kiandutu?"

"Mzigo. Mama alisema umebadilisha mawazo. Akasema una roho nzuri sana."

Kagwe aligeuka. Mama Nakhumicha alikuwa mlangoni, mikono kiunoni.

"Alhamisi Githinji alikuja na futi," alisema bila haraka. "Akalipima kombe, urefu na upana. Anatengenezewa rafu na seremala. Ijumaa akaja Viola, anataka jirani yake akae mbele kabisa, amwone vizuri akilipokea. Kombe moja, wenyewe wawili, na shindano bado. Nikajiuliza muuzaji ni nani. Halafu nikaulizia ni dereva gani ameitwa leo. Landless hii wenye pikapu ni watatu tu, na wote naimba nao kwaya."

"Mama, naweza kueleza."

"Najua unaweza. Ndiyo maana sitaki kusikia. Lango ni lile pale, ukitaka kukimbia. Lakini nitachukua maikrofoni, na Githinji amekuja na wapagazi wake sita."

Kagwe alilitazama lango. Akakumbuka ukubwa wa wapagazi. Akarudi ndani.

Alipopanda jukwaani, Githinji alikuwa ameshafunga vifungo vya koti, na Viola alikuwa amerudishiwa kiatu. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake alikuwa anakwenda kusema kweli mbele ya watu, na miguu haikuwa imezoea.

"Mshindi," alisema, "ni Absalom."

Paa lilitaka kung'oka. Katikati ya kelele Githinji aliruka juu. "Hapana! Sisi tulikubaliana!"

Mkewe, aliyeketi kando yake, akageuza shingo polepole. "Mlikubaliana nini, Baba Ciku?"

Githinji alimtazama Kagwe. Kagwe alitazama dari, ambayo ghafla ilikuwa na mambo mengi ya kutazamwa. Jasho lilishuka kwenye suti nyeupe.

"Tulikubaliana," Githinji alisema, akilitafuta kila neno, "kwamba yale marobota thelathini niliyowapa watu wa Kiandutu... nisitajwe jina."

"Marobota thelathini!" Mkewe alimkumbatia mbele ya kanisa zima. Watu wakasimama kumpigia makofi. Githinji hakuwahi kupigiwa makofi maishani. Aliinama mara tatu, akasahau kombe, na kama mchungaji hangewahi kuingilia kati, angeimba tena.

Viola hakuwa mjinga. Alipoona upepo unakoelekea, naye alisimama. "Na mitungi arobaini ya mafuta ni yangu!" Akamgeukia jirani yake. "Umesikia, Mama Dorine? Arobaini!" Jirani alisikia. Uso wake ulionyesha hivyo.

Jua lilikuwa bado juu kidogo Kagwe alipofika Kiandutu. Mama Nakhumicha alikuwa amemkalisha kati yake na mchungaji njia nzima. Mstari wa watu ulianzia kwenye stoo ukakunja kona. Okello alimbebesha robota begani bila kumuuliza, na jaji wa Nairobi yote akaanza kubeba unga, shati lililochomekwa likichomoka kila hatua.

Kwenye safari ya tano kikongwe mmoja aliyekuwa kwenye mstari alimshika mkono, akautemea mate kidogo ya baraka. "Ngai akurathime, Mungu akubariki," alisema. "Hata sikujui, na umenibebea chakula."

Kagwe alisimama pale na mkono wake umelowa. Kwa mazoea alianza kupiga hesabu baraka kama hiyo ingeuzwa wapi, na kwa nani. Alifikiria Githurai, akafikiria Ruiru, akazunguka Thika nzima kichwani. Hakupata mnunuzi.

"Jaji!" Okello aliita kutoka kwenye pikapu. "Bado kumi na nne."

Kagwe hakuupangusa ule mkono. Akaenda, akainama, akabebeshwa.