Filamu ya Vitanda vya Hospitali

Mtaani walimwita Dairekta kwa sababu ya miwani yake myeusi, ambayo hakuivua hata ndani ya nyumba. Maishani mwake hakuwahi kuongoza hata msafara wa bata. Lakini aliposikia kwa kinyozi kisa cha Mama Stoo, masikio yalimsimama.

Mama Stoo alikuwa mtunza stoo wa hospitali ya serikali. Alisema hadharani kwamba vitanda vipya vya wodi vimeibwa, na kwa kuwa hakuwa na ushahidi, akafukuzwa kazi kwa uzushi. Sasa alikuwa akishonea watu vifungo kibarazani, na wanawe walitaniwa shuleni.

"Hii ni filamu," Dairekta alijiambia. Kwake yeye, filamu ni pesa ya mtu mwingine.

Akamwendea Mkurugenzi wa hospitali, mtu aliyependa sifa kuliko chakula.

"Mkubwa, tunatengeneza filamu ya yule mama. Kisa cha kweli, roho juu mwanzo mwisho. Na wewe umo."

"Nimo kama nani?"

"Kama mwizi. Ila mdhamini huwa anajichagulia."

Mkurugenzi akachagua kuwa shujaa. Alitoa nusu ya udhamini. Nusu nyingine, alisema, ataitoa akishaona mazoezi. Tena akatoa na chumba katika gesti yake, maana bahili hakosi ukarimu wa kuonyesha mali.

Ikabaki kumpata Mama Stoo, ili mchezo ufanane na kweli.

"Mama, jina lako litasafishwa," Dairekta alimwambia.

Mama wa watu akalengwa na machozi. Hakuwa na haja nyingine duniani. Akaenda kuazima kamera kwa mpwa wake, mpiga picha za harusi.

"Kadi ya kuhifadhi picha hatuhitaji, leo ni mazoezi tu," Dairekta alisema. "Wewe simama nyuma ya kamera, bonyeza, uonekane una shughuli."

"Haya, mwanangu."

Mazoezi yakafanyika mle chumbani gestini, Mkurugenzi akitazama. Dairekta mwenyewe akaigiza mwizi. Akajifunga kitambaa usoni, akanyata, akakivuta kitanda hadi dirishani. Kikakwama, naye akakwama nacho.

"Acha! Acha!" Mkurugenzi aliruka kutoka kitini. "Ndiyo wizi gani huo?"

"Mkubwa, mwizi si wewe. Ni karani wako."

"Karani wangu! Yule ana akili ya kuiba vitanda?" Jasho lilimtoka. Kuitwa mwizi angevumilia, lakini si kazi yake kupewa mtu mwingine, tena ikiharibiwa hivyo. "Kitanda cha serikali hakipiti dirishani! Kinapita getini, mchana, na mlinzi anakupigia saluti. Unatangaza kwamba wodi ina kunguni. Vitanda vinatolewa kwenda kupuliziwa dawa. Nani atafuata kunguni kuwahesabu?"

"Halafu vinakwenda wapi, mkubwa?" Mama Stoo aliuliza kwa upole, jicho likiwa kwenye kamera.

"Si hivi hapa! Nimevipaka rangi tu." Ndipo akashtuka. "Hiyo kamera..."

"Haina kadi, mkubwa," alisema Dairekta, na kwa kadiri alivyojua, alikuwa akisema kweli. Mkurugenzi akatulia, akatoa nusu iliyobaki.

Lakini mtu aliyekaa stoo maisha yake yote hatoi kifaa kikiwa pungufu. Kadi ilikuwemo tangu dukani kwa mpwa wake.

Dairekta alilala bure gestini akisubiri basi la asubuhi. Asubuhi walitangulia wapelelezi, wakiongozwa na Mama Stoo aliyewapelekea ile kadi, kuja kubeba vitanda. Aliposikia viatu vyao, alijitosa chini ya kitanda na mkoba wake. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Huyu alilala kabisa. Kitanda kikainuliwa.

"Wewe nani?"

Akipima tapeli na dairekta, kipi chepesi?

"Dairekta wa filamu."

"Na huo mkoba?"

"Bajeti," akasema kwa uchungu.

"Bajeti inakaa stoo," alisema Mama Stoo, akaupokea. Mbele ya wapelelezi, nani angebisha?

Mkurugenzi yuko mahabusu, Mama Stoo amerudishiwa funguo zake, na wanawe wanakwenda shule vifua mbele. Filamu inapigwa kweli, kwa bajeti ile ile. Dairekta anaamka alfajiri, anabeba taa, anatoka jasho la halali, ambalo anasema linawasha. Jana alikwenda kwenye dirisha la stoo kuomba betri mpya ya kamera.

"Lete kwanza ile ya zamani, mwanangu," akaambiwa.