Mbuzi Aliyepewa Taa

Jumamosi, 6 Juni

Msiba. Hakuna aliyekufa, lakini ni msiba.

Filamu ya Milango Tisa ya Ukungu imefika. Nimeingoja miaka minne. Kitabu nimekisoma mara kumi na moja, na mara mbili kati ya hizo nilimsomea Pacha kwa sauti, chini ya ngazi za shule. (Pacha si ndugu yangu. Walimu walituita hivyo kwa sababu hatukuachana. Mimi nilikuwa yule pacha asiyesema.)

Tumekwenda leo mimi, yeye, na binamu yake Kasuku, ambaye hakualikwa na mtu. Nikangoja Mbeba Taa atokee. Ndiye msichana anayewaongoza wenzake katika milango yote, na hasemi neno mpaka ukurasa wa mwisho. Mlango wa kwanza, hayupo. Wa tatu, hayupo. Wa tano, taa ikatokea. Imening'inia shingoni mwa mbuzi.

Mbuzi anayeimba!

Kasuku akacheka mpaka akapaliwa. Nikamgeukia Pacha nipate wa kulia naye. Alikuwa anafuta machozi kweli. Ya kicheko.

Jumamosi ijayo anakwenda chuo cha uuguzi, safari ya siku mbili. Nina wiki moja ya kumrudisha upande wangu. La sivyo ataondoka akiwa rafiki wa mbuzi.

Jumapili, 7 Juni

Nimeandika makosa yote ya filamu. Arobaini na matatu. Kosa la 1: mbuzi. Kosa la 2: mbuzi kuimba. Kosa la 17: jina ni Milango Tisa, nimehesabu saba!

Nikampelekea Pacha. Alikuwa anapanga nguo, na Kasuku amelikalia sanduku ili lifunge. Pacha akasema ataisoma orodha akipata nafasi. Kasuku akasema yeye nafasi anayo, akaisoma yote kwa sauti ya mbuzi. Mama yake Pacha akatoka jikoni kuuliza nani anaumwa.

Nilikuwa na jibu kali sana la kumpa Kasuku. Limenijia nilipofika nyumbani.

Jumanne, 9 Juni

Mpango wa pili. Mji mzima ukijua ukweli, Pacha ataona haya kumpenda mbuzi.

Tangu nimalize shule nahudumu katika duka la fotokopi la Shangazi. Alipokwenda kununua wino nikatoa nakala themanini za makosa. Ya sitini na moja ikakwama. Nikaivuta. Kitu ndani kikalia ta! Sasa kila karatasi inatoka na mstari mweusi katikati. Shangazi akasema akili ni nywele, kila mtu ana zake, ila yeye kajaliwa mpwa mwenye upara.

Jioni nikaziweka kwenye viti vya ukumbi wa filamu, nikasimama mlangoni nione ukweli ukiwaingia. Joto lilikuwa kali. Wakajipepea. Ukumbi mzima unapepea makosa yangu! Mkata tiketi akanishukuru, akaniomba kesho nilete za karatasi ngumu kidogo.

Alhamisi, 11 Juni

Mpango wa tatu. Huu ni wa kukata na shoka.

Pacha na Kasuku walikuwa wanarudia filamu, nami nikaenda nao. Siku mbili nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Taa ikitokea nasimama na kusema: "Jamani, huyo si mbuzi. Huyo ni msichana." Maneno saba tu. Mtu yeyote anaweza maneno saba.

Taa ikatokea. Nikasimama.

Nikafungua mdomo, nikaufunga. Nyuma mtu akapaza sauti, dada kaa chini, tumekuja kuona mbuzi, hatukuja kuona kisogo! Watu wakacheka. Magoti yakakataa kukunjika. Nikabaki wima wimbo mzima, beti zote tatu, na kiitikio.

Pacha akanivuta, nikakaa. Hakuuachia mkono wangu mpaka taa za ukumbi zilipowaka. Hata Kasuku hakusema kitu. Hapo ndipo nilipojua mambo yameharibika.

Ijumaa, 12 Juni

Pacha amekuja dukani peke yake, kutoa nakala za vyeti vyake. Kwenye picha yake, mstari mweusi umempita katikati ya pua. Akasema si kitu, chuoni watamzoea.

Kisha akakiri. Kitabu hakukisikiliza chote. Mara nyingi alisinzia. Alikuwa anapenda sauti yangu tu, maana kutwa nzima sisemi na mtu, na pale chini ya ngazi nilikuwa nasema na yeye peke yake.

Akasema jana niliposimama, kivuli changu kiliangukia kwenye pazia la filamu, kikubwa, na taa ikawa mkononi mwangu kabisa. Kwa wimbo mmoja Mbeba Taa alikuwemo. Akaniomba nimrekodie ukurasa wa mwisho kwenye simu, asikilize njiani.

Nilitaka kumwambia sijui nitasema na nani akishaondoka. Maneno yalifika mpaka kwenye meno.

Nikamwambia ulikuwa mkono wa kulia. Mbeba Taa hushika taa kwa mkono wa kushoto.

Akakunja vyeti vyake, akasema haya, pacha wangu, baki salama.

Jumapili, 14 Juni

Pacha aliondoka jana. Sikufika stendi, nilikuwa narekodi.

Nilikusudia ukurasa wa mwisho, kama alivyoomba. Lakini hauna maana kwa mtu asiyejua filamu ilipokosea, kwa hiyo nikatanguliza makosa yote arobaini na matatu, na la arobaini na nne, nililolikumbuka katikati. Dakika hamsini na mbili. Nilipoufikia ukurasa wa mwisho simu ikajaa. Nikamtumia hivyo hivyo.

Nimekaa na simu mapajani tangu asubuhi. Shangazi anasema nikiendelea kuitazama itatoboka.

Mchana amejibu. Hakuna neno. Kijipicha cha mbuzi, amelala.

Ni wazi hajaelewa Kosa la 1. Kesho nitamweleza upya, polepole zaidi.